Muulize Shangazi: Ufunguo wa bweni anao nani?

Toleo lililopita nilimjibu mama mwenye kijana mwenye usonji, nikachomeka mstari mmoja tu mwishoni: kabla hujamwacha mtoto bwenini, uliza ufunguo wa usiku anao nani. Mstari ule umeniletea barua kumi na saba. Nyingine ni ndefu kuliko hukumu ya mahakama. Nimechagua nne.

Kwa mgeni wa ukurasa huu: nilikuwa matroni wa bweni la watoto wenye ulemavu kwa miaka 19, na kabla ya hapo nililelewa bwenini mimi mwenyewe, kwa sababu ya mguu huu uliopooza kwa polio. Bweni nimelilalia kitanda cha mtoto na kitanda cha mlezi.

Binti yangu hataki kurudi shule

*Shikamoo Shangazi. Ni mama wa watoto watatu, naishi kijijini wilaya ya Korogwe. Binti yangu wa pili ana miaka 12, ni kiziwi tangu alipougua homa ya uti wa mgongo akiwa mdogo. Anasoma shule ya bweni mbali na kwetu. Likizo hii amerudi siye. Alipenda kwenda kuchota maji na wenzake, sasa hatoki ndani. Anakojoa kitandani. Analala amevaa suruali mbili chini ya gauni. Nikigusa begi lake la shule analia na kufanya alama nisiyoielewa: anakuna shavu kwa kidole kimoja, kisha anazungusha mkono kama mtu anayefungua kufuli. Lugha ya alama siijui, tunaelewana kwa ishara zetu za nyumbani. Nilimpigia mwalimu wake, akasema nimpe mtoto simu ya picha waongee. Alipouona uso wa mwalimu alikimbilia nje. Mwalimu kasema ni utoto tu, nimrudishe. Baba yake anasema tusichafue jina la shule, pengine pa kumsomesha hatuna. Shule inafungua baada ya siku tisa.*

Marahaba mwanangu. Wasomaji wajue kwamba barua hii haikungoja toleo. Nilimpigia mama huyu siku ileile ilipofika, na haya nayaandika kwa ruhusa yake, nikiwa nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike.

La kwanza nililomwambia: usimrudishe. Siku tisa zikiisha na ukweli haujajulikana, abaki nyumbani. Kukosa wiki tatu za hesabu kunafidika.

La pili ni ile alama. Watu waliokaa na viziwi wanajua kwamba bwenini hakuna anayeitwa kwa jina la cheti. Kila mtu ana jina lake la alama, na aghalabu linatokana na kitu kinachoonekana: kovu, mwanya, ndevu, namna ya kutembea. Mimi nilikuwa natajwa kwa viganja viwili, kimoja kinapanda na kingine kinazama, kwa ajili ya huku kuchechemea kwangu. Kwa hiyo yule mtoto anapokuna shavu kisha akazungusha ufunguo, inawezekana kabisa anakutajia mtu na mlango. Nasema inawezekana. Mimi sikuwepo, na wewe pia hukuwepo, mama, ndiyo maana tusikimbilie kumaliza hadithi ambayo mwenyewe hajaisimulia.

Usimwoneshe picha za walimu na walinzi mmojammoja ukimuuliza "ni huyu? ni huyu?" Mtoto aliyechoka ataitikia yeyote ili umwache, na kesho wakili atauliza nani alimfundisha. Usimtumie mwalimu wa shule hiyohiyo kuwa mkalimani, hata kama ni malaika. Mtu wa kutafsiri shutuma asiwe wa nyumba inayoshutumiwa. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wanaweza kukuelekeza kwa mkalimani wa nje. Omba pia kama yupo mwanamke kiziwi, mtu mzima, akae karibu na mtoto. Wapo watoto ambao hawajawahi kumwona kiziwi mtu mzima aliye na kazi yake na nyumba yake, na wakimwona mikono yao inafunguka yenyewe.

Wakati huohuo nenda hospitali, na uende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Watakupa fomu ya PF3, ile ya polisi ambayo daktari huandika alichokikuta mwilini. Kwa mama huyu siku zilikuwa zimeshapita, lakini wengine mnaosoma mshike hili: dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyosaidia zaidi. Usimwogeshe mtoto kwanza. Najua mkono wa mama unakimbilia maji na sabuni, lakini uzuie. Nguo alizokuwa amevaa zifunge kwenye karatasi au kitambaa, si kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu unaharibu ushahidi. Hata siku zikiwa zimepita, bado kuna vipimo vya kufanya na dawa za kutoa, na daktari atayaandika atakayoyaona.

Namba 116 ni simu ya watoto, kuipiga ni bure. Binti yako hawezi kuipiga kwa sababu hasikii, ipige wewe. Na afisa ustawi wa jamii wa wilaya ajue kwa maandishi, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi. Bila muhuri, barua yako haijawahi kufika.

Nilipomaliza hayo, mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na baba yake nimwambieje?"

Niongee naye hapa. Baba, unaogopa jina la shule. Nami nitakusimulia kilichotokea nilipokuwa kazini, mahali sipataji. Msichana mwenye ulemavu wa akili alipewa mimba na mtu aliyekuwa akiwapeleka wanafunzi kliniki. Wazee wakakaa. Yakatoka mbuzi wawili, godoro na fedha kidogo, mambo yakaitwa yameisha kifamilia. Msichana mwenyewe hakuulizwa neno, kwa kuwa "hata akiulizwa atasema nini". Yule mtu akaondoka pale na heshima zake. Miaka miwili baadaye nikasikia anaendesha gari la kituo kingine, wilaya nyingine, la watoto wengine. Mbuzi wale wawili walimnunulia barua ya utambulisho. Wewe unalinda jina la shule, na anayelindwa ni mtu mwenye ufunguo.

Usikubali pia ukiambiwa kesi haiwezi kusimama kwa sababu mtoto hasemi. Sheria yetu ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi wake kwa maandishi au kwa alama. Kesi nyingi za viziwi hufia kituoni kabla ya kuiona mahakama, maana siku ya maelezo mkalimani hakuwepo, askari akaandika nusu, na nusu hiyo ikapingana na iliyofuata. Mkalimani awepo siku ya kwanza. Dai hilo kabla hujakalia benchi.

Jambo la mwisho nalisema polepole kwa kuwa mama huyu ameshajilaumu vya kutosha. Binti amefika miaka 12 na hawana, yeye na mama yake, alama moja wanayoelewana ya sehemu za siri, wala ya "alinigusa", wala ya "sitaki". Katika ishara za nyumbani kuna chakula, kulala, kuku, ng'ombe, twende. Hazina maneno ya siri. Nimempa alama sita kwa kuanzia, amejifunza na dada zake mtoto. Juzi kanitumia ujumbe kwamba binti amemfundisha ya saba. Sijamuuliza ni ipi.

Wageni wakiondoka ni mtu mwingine

*Shangazi shikamoo. Nina miaka 24, nimeajiriwa uhudumu kwenye kituo cha vijana wenye ulemavu wa akili na mtindio wa ubongo, huku Kanda ya Ziwa. Huu ni mwezi wangu wa tatu. Yupo dada mmoja mzoefu, wageni wakija ndiye anayetolewa mbele. Wakiondoka ni mtu mwingine. Asiyekula haraka ananyang'anywa sahani. Aliyejichafua anaoshwa uwanjani kwa mpira wa maji, uchi, wenzake wakitazama. Kuna kijana wa miaka 19 asiyeongea, huyo anafinywa ndani ya mapaja, mahali pasipoonekana. Nilipouliza nikajibiwa, "Wewe umekuja jana, hawa ukiwachekea watakuzika." Mshahara wangu ni 180,000 na kwetu wananitegemea. Nikisema nafukuzwa, nikinyamaza silali.*

Marahaba mjukuu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nitakujibu kwa kuanza na aibu yangu.

Mwaka 1991 nilikuwa na miaka 26 na bweni la watoto 34. Usiku nilikuwa peke yangu na taa ya chemli. Kulikuwa na mvulana mwenye ulemavu wa akili, mpole sana mchana, lakini usiku alikuwa akiamka anatoka kwenda barabara kuu kuangalia taa za malori. Siku moja dereva alimrudisha amembeba. Usiku uliofuata nikachukua kanga yangu, nikamfunga mguu kwenye chuma cha kitanda. Usiku wa kwanza nilimfunga ili asigongwe. Usiku wa tano nilimfunga ili mimi nilale. Tofauti ya usiku huo na ule hakuna aliyeiona, hata mimi sikuiona, maana kanga ilikuwa ileile na fundo lilelile.

Usiku wa kumi na moja mpishi aliingia kutafuta sufuria lake. Akaona. Hakuniambia neno. Alikaa chini, akalifungua lile fundo kwa meno kwa jinsi lilivyokaza, akajilaza kwenye kitanda cha jirani mpaka asubuhi, kisha akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa shule. Nilipewa onyo la maandishi, nami nilimchukia mama yule kwa muda wa mwaka mzima. Kilichotatua tatizo kilikuwa kengele ya mbuzi iliyofungwa mlangoni. Bei yake haikuzidi soda. Mvulana akigusa mlango inalia, naamka, naenda naye kuangalia malori dakika tano, tunarudi.

Nakusimulia hivi usidhani ukatili wa vituoni unafanywa na watu wenye pembe. Wengine wana pembe kweli, na nitawafikia. Lakini wengi ni watu waliochoka, wakaachwa peke yao na watu wasioweza kusema, na kosa la kwanza lisiposemwa linakuwa utaratibu. Huyo dada yako kashafika kwenye utaratibu. Anayemfinya mtu mahali pasipoonekana anajua vizuri kwamba anafanya kosa, usimtafutie udhuru wa uchovu.

Sasa fanya hivi. Nunua daftari, likae nyumbani kwako, lisilale kituoni. Andika tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, maneno yaliyosemwa kama yalivyosemwa, alama ya mwilini upande gani na ukubwa gani. Usiandike "ni katili". Andika "alimfinya paja la kushoto mara tatu wakati wa uji". Usipige picha ya mtu akiwa uchi na usirushe chochote kwenye kundi la WhatsApp. Utakuwa umemvua nguo mara ya pili, na safari hii mbele ya wilaya nzima.

Kabla hujaenda popote, muulize kijana mwenyewe. Najua umeandika haongei. Kutoongea si kutojua. Kaa mbele yake mkiwa wawili tu, muulize mambo madogo ya ndiyo na hapana uone anaitikaje: kwa kuangalia juu, kwa kufumba macho, kwa kunyoosha mkono. Wenye mtindio wa ubongo wengi wana "ndiyo" yao ambayo mama zao wanaijua na vituo havijawahi kuiuliza. Ukishaipata, muulize kama anataka usaidie. Ni mtu mzima wa miaka 19, mwili ni wake, na shauri ni lake kabla halijawa lako.

Kisha mtafute mwenzako mmoja muende wawili. Walio chini ya miaka 18 hapo kituoni, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitoe kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Si hisani yako, ni wajibu. Kwa waliozidi umri huo ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na kumpiga mtu ni jinai hata kama mpigwaji yuko kwenye kiti cha magurudumu. Ofisi ya ustawi wa jamii ya wilaya ndipo pa kuanzia, na kama hapo wana undugu na kituo, panda mkoani.

Unaweza kufukuzwa. Sitakudanganya. Hata Ulaya wanaosema hupuuzwa. Karibu na Bristol, Uingereza, palikuwa na hospitali ya watu binafsi ya watu wenye ulemavu wa akili, Winterbourne View. Muuguzi mmoja mwandamizi aliandika kwa wakubwa wake juu ya mateso aliyoyaona, akaiandikia na mamlaka ya ukaguzi, hakuna kilichosogea. Akaenda kwa waandishi wa habari wa BBC. Mwandishi akaajiriwa pale kama mhudumu, kamera ikiwa imefichwa mwilini, na Mei 2011 nchi nzima ikaona wagonjwa wanavyopigwa, kuvutwa nywele na kumwagiwa maji baridi. Wafanyakazi 11 walitiwa hatiani, sita wakafungwa jela, hospitali ikafungwa. Ilikuwa na wakaguzi, vyeti na malipo ya maelfu ya pauni kwa wiki kwa mgonjwa mmoja. Mpira wako wa maji wa uwanjani nao walikuwa nao, ila wa kwao ulikuwa ndani ya bafu zuri.

Niandikie baada ya wiki mbili. Kama kazi itakwisha, nina watu wawili ninaowajua wanaotafuta mhudumu, na nitawaambia wewe ni wa aina gani.

Nimeanguka mkarafuu, sasa naanguka mikononi mwa mtu

*Assalaam aleikum Bi Shangazi. Mie ni mtu wa Wete, nina miaka 46. Mwaka 2017 nilianguka mkarafuu, nikavunjika mgongo, kuanzia kiunoni sina hisia. Kaka yangu yuko Muscat, kanitafutia kijana wa kunihudumia, anamlipa yeye kwa simu, na pesa zangu za matumizi zinapitia simu ya huyo kijana. Mwanzo alikuwa mzuri. Sasa nikimkera hanigeuzi usiku kucha. Nina kidonda cha kulalia kinaingia kidole. Kaniacha chooni kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Simu yangu anaichukua magharibi. Kaka akipiga, yeye ndiye anayeshika simu, mie nasema "niko salama" huku kasimama juu yangu. Naona haya. Nilikuwa napanda mkarafuu wa futi arubaini, leo nimshitaki kijana wa miaka 22?*

Waaleikum salaam, kaka yangu. Barua hii imenipata pabaya. Nikiwa na miaka tisa, bwenini, choo kilikuwa mbali na vyumba, na mimi bila magongo sikuweza kufika. Wasichana wakubwa walinibeba kwa malipo: andazi moja kwenda, andazi moja kurudi. Siku ambayo sina andazi, nilikuwa sinywi maji tangu asubuhi. Hakuna aliyenipiga hata kofi, na mpaka leo nikisikia kiu mchana roho yangu inauliza kwanza andazi liko wapi.

Kwa hiyo usiniambie kwamba kijana "hajakupiga". Mtu asiye na hisia chini ya kiuno anatakiwa kugeuzwa takriban kila saa mbili akiwa kitandani. Kumwacha bila kumgeuza usiku kucha kwa makusudi ni kumjeruhi, na jeraha unalo, linaingia kidole. Hicho kidonda kionwe na daktari wiki hii hii. Usafishaji wa nyumbani hautoshi, kinaweza kufika mfupani na kukuua.

Angalia jinsi mambo yalivyopangwa. Mtu mmoja ana mwili wako, pesa yako, simu yako na masikio ya kaka yako. Kaka kafanya wema, ila kamfungia mtu mmoja kila kitu kwenye fundo moja. Hata angekuwa walii, fundo hilo lingemharibu.

Leo, mtoto au jirani aliyekuandikia barua hii (mwandiko wake mzuri, mpe salamu) ampigie kaka yako kwa simu yake mwenyewe, usiku wa Muscat, kijana akiwa hayupo. Kaka abadilishe mambo matatu. Pesa ya matumizi iingie kwenye simu yako, namba ya siri uijue wewe peke yako. Mshahara wa mhudumu utoke mwisho wa mwezi baada ya wewe kusema umetendewa vipi, na siku ya kukusikiliza awepo mtu wa tatu chumbani. Na wawepo wahudumu wawili wanaopishana, hata kama wa pili ni wa siku mbili tu kwa wiki. Wa pili ataona kidonda cha wa kwanza.

Huyu kijana aondoke. Nenda kwa sheha, na kidonda kikionekana hospitali mwambie daktari kimetokeaje, kiandikwe. Muuguzi anayekuja kubadilisha mpira wa mkojo naye ni jicho, muombe awe anakuangalia mgongo kila akija.

Kuhusu haya: ulianguka mkarafuu kwa sababu tawi lilikatika, hukuona haya. Hili nalo ni tawi.

Sanduku letu la maoni halijawahi kupata malalamiko

*Shangazi, mimi ni mkuu wa kituo chenye vijana 60 wa ulemavu mbalimbali. Tuna sanduku la maoni tangu 2021 na hatujapokea lalamiko hata moja, jambo linaloonesha usalama tulionao. Wafadhili wanatushinikiza tuandike sera ya ulinzi na tununue kamera. Je, kamera zina umuhimu?*

Mheshimiwa mkuu, nina maswali kabla ya kamera. Sanduku limetundikwa wapi? Nakisia ni nje ya ofisi yako, usawa wa uso wa mtu aliyesimama. Ufunguo wake anao nani? Nakisia ni wewe. Asiyeona anaandikaje, ikiwa vifaa vya nukta nundu, maandishi ya wasioona, haviko mezani? Asiyesoma je? Mwenye kiti cha magurudumu anafikaje kwenye tundu? Na anayelalamika juu yako, karatasi yake anaisoma nani?

Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi zilizokusanywa pamoja, ukaonesha watoto wenye ulemavu wako karibu mara nne zaidi kwenye hatari ya kufanyiwa ukatili kuliko wenzao. Wewe una vijana 60 na sufuri. Ningekuwa wewe, sufuri hiyo ingeninyima usingizi.

Sanduku ling'oe, weka watu. Tafuta watatu wasiolipwa na kituo: mzazi mmoja, mtu mzima mwenye ulemavu kutoka chama chake, na ikiwezekana kijana aliyewahi kukaa hapo akaondoka. Waje kila mwezi bila kukupigia simu, mara nyingine Jumapili, mara nyingine saa mbili usiku. Wakae na vijana bila wewe na bila mlezi. Taarifa yao iende ustawi wa jamii, wewe upate nakala. Hilo si wazo langu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 16 inataka vituo na programu zote za kuwahudumia watu hawa zifuatiliwe na mamlaka huru. Huru maana yake huwezi kuwanunulia chai ukawaambia cha kuandika.

Kuogesha kufanyike kwa namna ambayo mhudumu wa pili yuko umbali wa kusikia, na anayeogeshwa achague anataka aogeshwe na nani. Ufunguo wa bweni usainiwe kwenye kitabu, unaotoka na unaorudi, hata ukiuchukua wewe. Hasa ukiuchukua wewe. Unapoajiri, usiridhike na barua ya sifa. Mpigie simu aliyemwajiri kabla na muulize swali moja: ungempa kazi tena? Kimya chake kinasoma vizuri kuliko barua.

Kamera weka kwenye korido kama fedha zipo. Bafuni na chumba cha kubadilishia nguo, marufuku. Na kabla hujainunua, niandikie nani atakaa kuitazama.

Kwa aliyenitumia barua ya nukta nundu bila jina

Mjukuu wangu, barua yako imefika. Nimeisoma mwenyewe kwa kidole, sikumpa mtu. Ukurasa wa kwanza uko salama. Wa pili umebanwa na mizigo ya basi, nukta zimelala, nimefika kwenye neno "usiku" na baada ya hapo karatasi ni laini tupu. Andika tena, utumie karatasi ngumu, uweke kati ya vipande viwili vya boksi. Taja wilaya tu, jina usitaje. Au mwombe umwaminiye akurekodie sauti kwenye simu yake aitume kwa gazeti. Kabla ya kumwomba, hakikisha siye mwenye ufunguo.